Bwana Kimya na Usingizi wa Kelele

Kamati ya sherehe, aibu yenu. Mmekodi spika mbili kubwa kama makabati kumuaga mtu aliyelelewa na kodiani, tarumbeta na gita sebuleni kwao. Ni sawa na kumwalika mpishi mkampa chakula cha kopo. Mngeuliza mngeambiwa. Hamkuuliza, basi someni.

Fundi mitambo wetu, tunayemwita Bwana Kimya, anastaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na sita katika kiwanda hiki cha kuchapa madaftari. Meneja amenitoa nyumbani kwangu niandike habari zake, kwa kuwa nilikunja karatasi hapa miaka mingi, na kwa kuwa nyumba yetu na yao ziliegemea ukuta mmoja tulipokuwa wadogo. Shule niliishia darasa la nne. Atakayeona kosa la herufi alinyamazie.

Baba yake, fundi cherehani, alipiga kodiani. Kaka mtu alipuliza tarumbeta, dada mtu alipiga gita, na mama yao aliimba huku akigonga beseni la kufulia lililofudikizwa. Kila jioni viti vilisukumwa pembeni, na sisi majirani tukasikiliza bila kualikwa. Kitinda mimba huyu alipewa manyanga. Msiba mtupu. Wenzake wakimaliza wimbo, yeye ndiyo kwanza anaingia. Baba mtu akamnyang'anya, akamlaza mkekani nyuma ya kiti chake, na mtoto akalala fofofo, tarumbeta ikilia juu ya kichwa chake. Mama yake alimwambia mama yangu, "Mwache tu, shoga. Akiwa macho anachelewa, akilala anakoroma kwenye mapigo." Ila wimbo ukiisha tu, alikuwa anaamka analia.

Hapa alianza kama mfagiaji. Wiki ya pili, sisi tukichapa madaftari, yeye akauchapa usingizi nyuma ya mtambo mkubwa, ufagio kifuani. Msimamizi wa zamu akaamuru mtambo uzimwe, ili amkaripie kila mtu asikie. Ulipozimika tu, mfagiaji akaruka wima. "Nani kazima? Ulikuwa unakwenda vizuri, ila mkanda wa kushoto unachechemea." Wakaufungua, wakakuta mkanda umechanika nusu. Msimamizi akalimeza karipio lake, na mwezi uliofuata mfagiaji akapelekwa kwa mafundi. Jina la Bwana Kimya lilianzia hapo, maana kimya ndicho kitu pekee kinachomwamsha.

Namcheka, lakini vidole vyangu viko kumi kwa sababu yake. Siku moja nilikuwa nimeingiza mikono kwenye mashine ya kukata, napanga karatasi. Yeye alikuwa upande wa pili wa karakana, anakunywa chai. Akasikia mlio wa mashine umepanda kidogo, sisi wengine hatukusikia kitu. Akaja mbio, akanivuta kwa gauni, tukaanguka wote wawili, kisu kikashuka chenyewe. Chai yake ilinimwagikia mgongoni. Nilimtukana kwanza, nikamshukuru baadaye.

Mabaya yake sitayaficha. Hakuna meza ya kiwanda hiki ambayo hakuigonga kwa vidole, na hata siku moja hakuipata ngoma yenyewe. Kwenye mikutano, Meneja akianza kuhutubia, yeye kichwa chini. Meneja akinyamaza, yeye macho makavu, ananyoosha mkono kuunga mkono hoja.

Sasa nasema lililonitoa nyumbani. Miaka yote hii amekaa nyumba za wafanyakazi, ukuta wa chumba chake ukitikiswa na mtambo wa zamu ya usiku. Akistaafu anarudi nyumba ya wazazi wake. Likizo ya mwaka jana alikwenda huko siku ishirini na moja. Siku ya nne tu alionekana kwenye geti la kiwanda, macho mekundu, eti kafuata kofia yake. Kofia alikuwa ameivaa. Mkewe, wifi yangu huyo, akaniambia ukweli: mumewe halali. Wazazi wametangulia, kodiani inaning'inia msumarini, nyumba nzima imebaki na mlio wa saa ya ukutani. Mtu aliyetulinda kwa masikio yake tunampeleka akakodolee dari mpaka asubuhi, kisha tunampigia makofi.

Na ninyi, kaka mtu na dada mtu, mnakaa mtaa huohuo. Kila mmoja anasema vidole vimekuwa vigumu. Vya kumega chakula mbona bado laini?

Mdogo wangu, ahsante kwa miaka thelathini na sita na kwa vidole vyangu kumi. Wengine watakutakia mapumziko ya utulivu. Mimi balaa hilo sikutakii. Uzee wako na uwe na makelele mazuri.

Kamati, rudisheni spika. Kaka, futa vumbi tarumbeta. Dada, tia gita nyuzi mpya. Beseni nitaligonga mwenyewe. Yeye apewe manyanga yake, achelewe anavyotaka. Tutampigia hapa siku ya kumuaga, na baada ya hapo kila jioni kule nyumbani kwao, viti pembeni kama zamani. Na akisinzia katikati ya wimbo, asithubutu mtu kunyamaza.