Mnunie, Lakini Usihame

Ukungu ulifunika ghuba, kivuko kikaenda polepole kana kwamba kinaota. Sunniva, aliyekuwa akienda hospitali kupokea majibu ya vipimo, aliketi nyuma ya wazee wawili wasiojuana. Hakukusudia kuwasikiliza, ingawa alikuwa amesogea karibu kidogo.

"Umesema mume amefariki, macho yanafifia, nawe unafuma sweta umeridhika tu," alisema mzee Torvald. "Kwa nini, dada?"

"Zamani nilimwomba Mungu aniondolee shida," alijibu bibi Ragnhild. "Alipoondoa moja, niliogopa inayofuata. Siku moja nikachoka, nikamwambia, nimo mikononi mwako. Tangu hapo nalala vizuri."

"Na macho?"

"Bado yanafifia."

"Sasa amekusaidia nini?"

"Yuko karibu, kaka. Inanitosha."

Torvald alitazama ule weupe dirishani. "Mimi nilimwomba Mungu mke wangu apone. Akanyamaza. Nimemnunia miaka saba."

"Mnunie tu, anavumilia. Lakini usihame kwake."

Kivuko kikagusa gati. Torvald alimpa Ragnhild mkono, wakashuka hatua kwa hatua. Sunniva alikuwa na nafasi ya kuwapita. Hakuwapita. Kwa mara ya kwanza wiki ile, hakuwa na haraka ya kujua majibu yake.