Koti la Mzee Waziri

Ndani ya basi, fundi cherehani alikuwa amepakata koti jipya jeusi kama mtu aliyeazimwa mtoto mchanga. Mama aliyekaa kando yake alikuwa keshaambiwa mara mbili kwamba ni la Mzee Waziri, anayetunukiwa nishani leo jioni kwa utumishi wa maisha yake yote, na kwamba fundi anampelekea nyumbani.

"Suti zake zote za uwaziri nilishona mimi."

"Na hili ulimpima lini?"

"Mwili wake naujua kwa kichwa, dada. Ya nini kumsumbua mtu mzima?"

Mama alishika bega la koti, akaliachia. "Litampwaya, fundi. Mimi ndiye muuguzi wake, namwogesha kila siku. Amebaki mifupa."

Fundi hakuwahi kukosa jibu kwa mteja, hasa akiwa amemharibia nguo. "Basi nitalibana kwa pini. Hakuna atakayejua."

"Libane tu. Ila mzee wa watu, kila gari likipunguza mwendo nje, hutaka nimkalishe vizuri, eti kuna mgeni. Tangu astaafu hajaja mtu. Ungekuja hata kumpima."

"Shughuli, dada. Si unajua shughuli."

"Najua. Hata hao wa nishani walikuwa na shughuli."

Basi likapunguza mwendo mbele ya geti la mzee. Mama akainuka.

"Sasa hivi anauliza ni nani."