Pikipiki ya Jafari Yashuka Rumonge

Ukitoka soko la Rumonge ukishuka kuelekea ziwani, kabla hujafika pale minibasi za Bujumbura zinapoitia watu, utakuta benchi. Ni ubao mmoja tu uliolazwa juu ya madumu mawili yaliyojazwa mchanga, lakini wenyewe wanaliita Seneti, na ukikalia nafasi ya mtu utafukuzwa kwa kanuni. Hapo hukaa Mzee Radjabu, aliyebandikwa jina Katiba kwa sababu kila jambo analo kifungu chake. Hukaa Mulamba, mtu wa Uvira, anayeitwa Profesa ingawa shule aliiacha na kalamu yake ikiwa bado mpya. Na hukaa Modeste Mawese, muuza mafuta ya mawese, ambaye shati lake liliwahi kuwa jeupe, ila shahidi wa habari hiyo hayupo. Kahawa ni ya Bibi Mwanvua, chungu, yenye tangawizi, na kwa kawaida birika lake halifiki saa nne. Asubuhi ile kahawa ilikuwa inapoa mikononi mwa watu.

Macho yote yalikuwa kwa pikipiki ya Jafari.

Ilikuwa imeshuka saa tatu kutoka kwenye lori la Bujumbura, nyekundu, vioo vyake bado vimefungwa karatasi, magurudumu yana zile nywele za mpira ambazo barabara haijazinyoa. Jafari aliishusha mwenyewe, akaisukuma mwenyewe mpaka hapo Seneti, na mtu aliyenyoosha kidole alitazamwa kwa jicho baya. Na msidhani ni mshamba wa vyombo. Miaka tisa ameendesha pikipiki za watu. Alilinganisha namba ya injini na ile ya kwenye karte roze, yaani kadi ya pikipiki, akahesabu funguo, mbili, akakaza nati moja baada ya nyingine, akavuta breki akaona zinabana, akachungulia oili kabla hata hajagusa kitufe cha kuwashia, kwa sababu alimjua mtu wa Nyanza-Lac aliyewasha ya kwake ikiwa kavu, na injini ikafa kabla ya adhuhuri. Esansi, yaani petroli, ameipigia foleni siku mbili, iko ndani ya tangi. Mambo ya pikipiki hayakumtia wasiwasi hata kidogo.

Kilichomtia wasiwasi ni mkewe, Mariam, Mama Nour. Miaka miwili iliyopita Jafari alimpakia kwenye pikipiki ya bosi wake, ambayo breki yake ilikuwa imefungwa kwa waya, na bosi alisema inatosha, na Jafari naye akasema inatosha. Kwenye mteremko wa Buyengero haikutosha. Waliingia shambani mwa mihogo, Jafari akatoka na mchubuko, Mariam akatoka na mguu uliovunjika, na mfupa ukaunga vibaya. Mpaka leo anachechemea. Hakumlaumu hata siku moja, na heri angemlaumu. Alichofanya ni kutopanda pikipiki tena, ya Jafari wala ya mtu mwingine. Anatembea kwa mguu ule ule na beseni lake la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani. Jana usiku Jafari alipomwambia kesho inafika, alisema atapita aione. Kuiona tu.

Basi Jafari alikaa akitazama barabara, na Seneti ikafungua kikao kuhusu ile moto, maana ndivyo wanavyoiita pikipiki.

— Kifungu cha kwanza, Katiba alisema, moto mupya haikimbizwi. Kilometa elfu moja za mwanzo usipite arobaini. Na wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake moto ilale ndani ya nyumba siku mbili, ya tatu ndiyo ianze kazi.

— Ilale wapi, muzee? Nyumba yangu ni chumba na sebule.

— Ilale chumbani. Wewe ulale sebuleni.

Mulamba alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Alisema hiyo ni sheria ya baiskeli. Kwao Uvira pikipiki mpya inapigwa mbio siku ile ile, kifua kifunguke, kwa kuwa samaki mkunje angali mbichi. Ukiilea polepole itabaki ya polepole mpaka kaburini. Katiba akamjibu kwamba ndiyo sababu pikipiki za Uvira zinasikika zikikohoa hadi ng'ambo ya ziwa. Profesa hakukasirika. Alikuwa ameshachuchumaa mbele ya mita, na uso wake ukawa wa mtu aliyegundua maiti.

— Jafari. Hii moto iko na kilometa tatu.

— Ni za kiwandani, Prof. Wanaijaribu kwanza.

— Nani alijaribu?

— Nitamjua wapi?

— Sasa ona. Mutu wa kwanza kupanda ndiye anaiachia moto tabia yake. Ile tatu za kwanza haziko zako. Pengine huyo mutu alikuwa na hasira siku ile. Pengine alikuwa ametoka kugombana na bibi yake.

Hapo ndipo hoja ilipopanda mlima. Katiba, ambaye dakika mbili nyuma hakuwa amewahi kuisikia imani hiyo, aligundua kwamba ana kifungu chake: tabia ya kiwandani huondolewa kwa kupandisha mtu mwema ndani ya saa tatu baada ya kushushwa. Akampendekeza imamu. Mulamba akasema imamu ni mwepesi mno, anahitajika mfanyabiashara wa samaki, mwanamke wa kilo mia, aifundishe springi heshima mapema. Modeste alijitolea mwenyewe. Kisha Mulamba akaongeza kwamba pikipiki hii inaelewa lugha ya huko ilikotengenezwa tu, hivyo isemeshwe Kirundi siku tatu mfululizo, la sivyo ikifika kwenye kizuizi cha polisi haitajua la kufanya. Bibi Mwanvua aliuliza kama na yeye asemeshe birika.

— Wa kwanza ni Mama Nour, Jafari alisema.

Hakuna mtu wa Seneti asiyejua habari ya Buyengero. Katiba alijikohoza, akasema kwa sauti ya chini kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa hiyo pikipiki nzuri kama hii haina haja ya kutembea hovyo. Nadhani alikuwa anamfariji. Jafari aliipokea hivyo, akashukuru.

Modeste Mawese hakungoja kifungu kingine. Alisimama na kikopo chake cha mawese na kitambaa, akasema wenzake wanabishana bure.

— Huyu ni mutoto, amezaliwa leo. Kwetu mutoto akizaliwa anapakwa mafuta, ngozi ilainike, jicho baya liteleze. Munataka akae na ngozi kavu mbele ya watu?

Hoja hiyo haikupata mpinzani, na ni hoja ya kwanza katika historia ya Seneti kupita bila mjadala. Modeste alipaka tangi, likang'aa. Akapaka bampa, akapaka rimu, akapaka hata yale makaratasi ya vioo. Mikono yake ilikwenda taratibu, kwa mapenzi, kama ya mama. Pale kwenye gurudumu la mbele kuna kile kisahani cha chuma ambacho breki hukibana. Ndicho kilichometa kuliko vyote, na ndicho Modeste alichokipaka mara mbili. Jafari hakuona. Alikuwa amesimama juu ya ubao, anatazama njia ya sokoni, kwa kuwa kwa mbali alikwisha kuutambua mwendo ule wa kuchechemea.

Mariam alifika, akatua beseni lake karibu na jiko la Bibi Mwanvua.

— Amahoro, wazee.

— Amahoro, Mama Nour. Karibu uone mali.

Wakamwonyesha mali. Kila mtu alisema lake, na kwa mara ya kwanza siku ile walikubaliana: inakimbia. Katiba alisema inaweza kufika Bujumbura kwa saa moja ingawa haitaruhusiwa. Mulamba alisema ikipata barabara nzuri itaipita minibasi na dereva asijue kilichompita. Modeste alisema sikilizeni, hata ikisimama unaona kabisa inakimbia. Jafari alimtazama mkewe akiizunguka pikipiki, mara ya kwanza, mara ya pili, mkono nyuma, kama mtu anayenunua mbuzi.

— Nimesikia inakimbia, Mariam alisema. Inasimama?

Maseneta watatu na kahawa tangu asubuhi, vifungu, tabia za kiwandani, lugha za kigeni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika hapo.

— Nimevuta breki, Jafari alisema. Zinabana.

— Umevuta ikiwa imekaa. Mimi nauliza ikiwa inaenda.

— Hiyo bado, Mama Nour.

— Basi.

Jafari akapanda. Aliwasha, injini ikaitika mara moja, akaenda polepole mpaka kwenye minibasi, akageuza, akarudi kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Alipoifikia Seneti akavuta breki ya mkono. Pikipiki ikaendelea. Akavuta kwa nguvu zote, ikaendelea vile vile, ikapita benchi, ikampita Mariam, wazee wakainua miguu. Breki ya nyuma ndiyo iliyoikamata hatimaye, na ilisimama hatua chache kabla ya magunia ya unga wa muhogo ya jirani.

Alishuka. Aliinama, akagusa kisahani, akatazama vidole. Vilikuwa vyekundu kwa mawese.

Aliwaza tu kitu kimoja, na alikiwaza mpaka mwisho: kwamba kama Mariam angekubali kupanda mara moja, yeye kwa furaha yake angempeleka moja kwa moja, na nyumbani kwao kunashukwa mteremko.

— Mimi nilipaka kwa mapenzi, Modeste alisema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

— Najua, kaka. Na mimi ndiye mwenye moto, ilikuwa kazi yangu kutazama.

Mariam alimtazama mumewe alipolisema hilo. Kisha aligeuka kwa Bibi Mwanvua, akamwomba maji ya moto na sabuni. Maji ya moto yaliyokuwepo ni yale ya kahawa ya awamu ya pili. Bibi Mwanvua hakuuliza, aliyatoa yote, na huo ukawa mwisho wa kahawa siku ile, wala hakuna aliyenung'unika. Jafari alifungua breki, akatoa vile vipande vinavyobana, akavisugua kwa msasa mpaka vikawa vikavu. Modeste alipiga magoti akakisafisha kisahani kwa sabuni, akasuuza, akarudia, akakitemea mate, akakiangalia kwenye jua. Katiba alishika bisibisi, na alishika kimya, jambo ambalo wajukuu wake watasimuliwa.

Walipomaliza Mariam alikokota kandambili yake kwenye mchanga, akachora mstari.

— Njoo usimame hapa.

Mara ya kwanza aliupita mstari kwa hatua mbili. Mara ya pili kwa kiganja. Mpira mpya unateleza, na Jafari alijua, akaanza kuibana breki mapema zaidi, kidogo kidogo, ya mbele pamoja na ya nyuma. Mara ya tatu gurudumu lilikaa juu ya mstari.

— Tena, Mariam alisema.

Akarudi minibasi, akaja, akasimama.

— Tena.

Alikwenda mara saba. Watu wa minibasi waliacha kuita abiria. Jasho lilimtoka Jafari, lakini hakuuliza itakwisha lini, na mara zote nne za mwisho gurudumu lilikaa pale pale. Mulamba alinong'ona kwamba Uvira yote hakuna mtu anayesimama namna ile. Safari hii ilikuwa kweli, na Katiba alitikisa kichwa kukubali.

Mara ya nane Mariam hakusema “tena.” Alichukua beseni lake la ndagala, akamkabidhi Bibi Mwanvua, akakifunga vizuri kitenge chake. Akautupa ule mguu mbovu juu ya kiti, kwa shida, na hakumpa mtu mkono amsaidie. Akakaa. Nyuma ya kiti kuna chuma cha kushika. Hakukishika, alimshika mumewe kiunoni.

Jafari hakuondoka. Aligeuza kichwa, na mbele ya Seneti yote akalisema lile neno ambalo miaka miwili hakuwa amelisema.

— Mama Nour, nisamehe. Ile siku nilijua kwamba breki haitoshi.

— Na mimi nilijua kwamba unajua, Mariam alisema. Tazama barabara.

Jafari akatazama barabara, akaondoka.