Maître Spéciose, Aliyebisha Hodi kwenye Kampuni Zilizokufa

Baada ya miaka ishirini na sita katika chemba yetu ya mawakili hapa Rebero, Maître Spéciose Bayingana, yaani Wakili Spéciose, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai. Alipotukuta tulikuwa na vyumba viwili na paa lililovuja juu ya meza ya mkubwa wa ofisi. Anaondoka akituachia ghorofa nzima, wateja wanaomwulizia yeye tu, na kabati la chuma ambalo hakuna anayetaka meza yake iwekwe karibu nalo. Habari za kabati zitafuata, maana yeye mwenyewe amesema wasifu usiolitaja atauchana.

Amelelewa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na ndiyo sababu tunamuaga kwa Kiswahili. Mahakamani alizungumza Kinyarwanda, Kifaransa alikitumia kwa watu waliomchosha, na Kiswahili alikiweka kwa ajili ya kutugombeza. Sisi tuliokulia Uganda na Tanzania tulijua kwamba akianza na "Sikiliza, mwanangu," basi faili lako limeshamchefua na chai yako itapoa. Alitugombeza vizuri sana. Wengi wetu tusingekuwa mawakili bila kelele zake.

Kazi yake ilikuwa ufilisi. Kampuni ikishindwa kabisa, mahakama humteua mfilisi akusanye kilichobaki kwa niaba ya wanaoidai. Mfilisi huyo anaweza kuomba amri ya kufichua, yaani amri inayomlazimisha mtu atoe nyaraka, kompyuta, simu na kila anachokijua kuhusu kampuni. Nusu ya maisha yake Maître aliwaombea wafilisi amri hizo. Nusu nyingine alizikatia rufani, pale alipoona zimekatwa pana mno, kama nguo ya kuazima. Hakuona aibu kusimama pande zote mbili, na wafilisi wenyewe walimheshimu kwa hilo.

Alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha. Kila alipokwenda kwenye ofisi au ghala la kampuni iliyofilisika, hata kama funguo alikuwa nazo mkononi, alisimama mlangoni akabisha hodi. Kisha alisubiri. Alitwambia kwamba kampuni hufa kwa karatasi, lakini watu walioamka kila asubuhi kuja pale hawajaagwa na mtu, na kuingia bila hodi ni utovu wa adabu. Sisi nyuma yake tulikuwa tunakanyagana miguu tukizuia kicheko. Tuliacha kucheka tulipopata kesi ya ghala la Masaka.

Ghala hilo lilihifadhi maua na mboga za kusafirisha nje. Mkurugenzi wake alikuwa Aimable Ntare, na mkewe, Winifred, alikuwa mkurugenzi mwenzake. Aimable aliugua, akapelekwa India kutibiwa, na huko akafariki. Miezi michache baadaye kampuni ikaanguka. Mfilisi, Bwana Shimwa, alipofika akakuta mashine za kupozea zimeng'olewa na malori hayaonekani. Akaenda mahakamani, akapata amri kwamba Winifred akabidhi simu yake pamoja na mawasiliano yake yote na marehemu. Amri ilitolewa bila Winifred kuitwa. Aliipata mlangoni kwake Nyarutarama siku ya Jumatano, na ilimtaka atii kabla ya Ijumaa mchana.

Winifred alikuja kwetu akiwa ameishikilia simu kwa mikono miwili. Hakuwa na neno na mashine wala malori. Alisema Shimwa akitaka, atamwonyesha yeye mwenyewe kila ujumbe wa kazi. Tatizo lilikuwa jingine. Kutoka hospitali Aimable alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti kila siku. Wa mwisho uliingia asubuhi, na kabla hajaufungua ikapigwa simu kwamba mumewe hayupo tena. Hakuufungua. Miezi ilikuwa imepita na alikuwa bado hajaufungua, kwa sababu kwa hesabu yake, maadamu hajausikia, mumewe bado ana neno la kumwambia.

"Maître, ile mesaji iko pale, mimi sijasikia," alisema. "Wao wakisikia wa kwanza, mimi nitabaki na nini?"

Nilikuwa chumbani. Maître Spéciose alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa, kisha akaniambia nifunge mlango nilete amri ile tuisome upya.

Ugumu wa kesi za namna hii ni kwamba rufani yenyewe huchelewa. Usipopata zuio haraka, amri hutekelezwa, siri inakwisha kuwa siri, na siku ya rufani mnabaki kubishana juu ya kitu ambacho kila mtu ameshakijua. Maître aliomba zuio Alhamisi. Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya jaji na kusema maneno ambayo vijana wetu sasa huyanakili bila kumtaja: gari likichukuliwa kimakosa hurudishwa kwa mwenyewe, lakini sauti watu wakishaisikia, mahakama itamrudishia nini mama huyu? Zuio likatolewa, kwa sharti moja. Simu izimwe, itiwe ndani ya bahasha, ipigwe lakiri mbele ya pande zote mbili, na ikae kwa wakili wake hadi rufani iamuliwe.

Hivyo ndivyo simu ilivyoingia kwenye kabati la chuma mwisho wa korido.

Sasa, mimi si mtu wa mizimu. Naeleza tu tulichokiona. Wiki ile ile kabati lilianza kutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Maji yalitiririka milangoni na kufanya kidimbwi sakafuni, katika msimu wa kiangazi, wakati vumbi la Rebero linaingia hadi kwenye meno. Fundi alikagua bomba, akasema hakuna bomba ukuta ule. Wenye meza karibu wakaanza kuja na sweta. Liliane wa mapokezi, ambaye hakosi la kufaidi, aliweka ikivuguto chake, yaani maziwa ya mgando, juu ya kabati, na kila mchana alikunywa maziwa baridi bila kulipia umeme. Siku moja alikuja mbio akiwa ameacha kikombe. Alisema ndani mlikuwa na mtu anayevuta pumzi ili aanze kusema. Kuanzia hapo alikunywa maziwa yake ya moto.

Maître hakushangaa wala hakutupa maelezo. Kila asubuhi alipita kwenye kabati, akagonga mara moja kwa kidole, akasema hodi, akaenda kazini.

Rufani ikiwa inasubiri, pande zote zilikubaliana kukagua ghala. Tulikwenda Masaka saa nne asubuhi: Bwana Shimwa, Maître, mlinzi na mimi. Jua lilikuwa kali, watu wakipalilia viazi ng'ambo ya barabara, na pikipiki zikipita. Mlinzi akafungua mlango mzito wa chumba cha baridi. Umeme ulikuwa umekatwa tangu kampuni ianguke, na tulitegemea joto na harufu ya maua yaliyooza. Maître akabisha hodi. Bwana Shimwa akacheka, akamwuliza kama anataka pia apewe kiti.

Sauti ya mwanamume ikatoka ndani, taratibu, kama ya mtu aliyezoea kurudia jambo lile lile: "Karibu. Funga mlango, baridi inatoka."

Mlinzi ndiye aliyetueleza, akiwa amekwisha rudi nyuma hadi barabarani. Wafanyakazi walikuwa na tabia ya kuacha mlango wazi, kwa hiyo bosi Aimable aliweka pale kifaa chenye sauti yake mwenyewe, kiwakumbushe kila wanapoingia. Maître akauliza kifaa kiko wapi. Mlinzi akaonyesha ukutani. "Walibeba na mashine, mama. Pamebaki matundu tu." Yalikuwepo kweli, manne, ya skrubu. Bwana Shimwa, aliyekuwa hacheki tena, akaushika mlango akaufunga mwenyewe kwa heshima zote. Kutwa nzima alikuwa akifikicha viganja vyake, na nilipompa mkono kumuaga ulikuwa baridi mno.

Ni lazima niseme kwa haki kwamba hakuondoa ombi lake. Waliokuwa wakiidai kampuni walimtegemea, na yeye ni mtu wa kazi. Lakini siku ya rufani, majaji walipomwuliza kama kweli anahitaji ujumbe uliotumwa baada ya Aimable kusafiri, alijibu kwamba hauhitaji, na kwamba angependa usisikilizwe na mtu asiyeitwa. Maître akamwinamia kichwa. Amri ikapunguzwa: mtaalamu asiye wa upande wowote atoe mawasiliano ya kampuni ya kabla ya safari, na yaliyobaki yasiguswe. Mashine zilipatikana kwa njia hiyo. Simu ikarudi kwa Winifred, na kabati likakauka siku hiyo hiyo. Majaji hawakuandika popote habari za sauti, na sisi hatukuitaja. Uamuzi ule unanukuliwa leo kila mfilisi anapoomba kila kitu cha kila mtu.

Nimemwona Maître akishinda kesi nyingi kubwa kuliko hiyo. Hiyo ndiyo iliyonifundisha kwamba kuna mambo ambayo mwanasheria mzuri huyalinda bila hata yeye kuyajua. Maître hakuwahi kuuliza ujumbe ule ulisema nini. Nampenda kwa hilo, na nitamkosa vibaya.

Maître wetu, tunakushukuru kwa kila faili ulilotutupia na kila "mwanangu" uliyotuita. Upumzike, migomba yako ikuzalie, miguu isikuume, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Maisha yako yawe mema, marefu, na yenye joto.

Limebaki tangazo moja la ratiba. Winifred atakuwa nasi hapa ofisini Ijumaa, kwenye chakula cha kumuaga Maître. Miaka mitatu imepita tangu hukumu, na ujumbe ule bado hajaufungua. Alisema hataki kuusikia peke yake, na hataki kuusikia na mwingine yeyote isipokuwa aliyeulinda. Amechagua siku hiyo. Baada ya chakula, yeye na Maître watainuka na kwenda kwenye chumba kilicho mwisho wa korido, kando ya kabati. Tunaomba asiwafuate mtu, na muziki upunguzwe. Liliane ameniambia kwamba kabati limeanza tena kutoka jasho tangu Jumatatu, hivyo wenye sweta waje nazo. Na atakayekuwa karibu na korido, akisikia sauti ya mwanamume ikiwakaribisha, asipige kelele. Afunge mlango.

Kwa niaba ya wenzako wote,
Ikirezi Uwase