Ndugu Abbasi Mabruki na Madebe Thelathini na Nane ya Asali

Tarehe 30 Juni 1978 Ndugu Abbasi Mabruki atakabidhi funguo za ghala la dawa za kuulia wadudu hapa Tabora, baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita na miezi minne. Katika muda huo wote amechelewa kazini mara mbili tu: asubuhi iliyofuata harusi yake, na siku baiskeli yake ilipoibwa sokoni. Mara ya pili aliomba radhi kwa maandishi.

Ni mzaliwa wa mji huu, mtoto wa fundi bati. Aliajiriwa Februari 1952 akiwa mpakizi. Uhuru ulimkuta karani. Mwaka 1968 akawa msimamizi wa ghala. Mwaka huo alipelekwa Morogoro kwa mafunzo ya miezi mitatu, akarudi na vitabu vinne vya Kiingereza na lalamiko moja. Wataalamu, alisema, huyasoma maneno ya vitabu hivyo mbele ya wakulima. Wakulima huitikia kwa adabu, kisha huenda kunyunyiza dawa bila hata kitambaa puani.

Basi akaanza kuandaa orodha ya maneno kwa Kiswahili. Kila neno alilijaribu kwa watu watatu: mkulima, mama wa nyumbani na mpakizi. Wawili wakishindwa kulieleza upya kwa maneno yao, alilifuta, hata kama yeye alilipenda. Yalibaki arobaini na mawili. Ukali wa sumu ni nguvu iliyomo koponi, hata kopo likiwa limefungwa. Uwezekano wa kudhurika hutegemea pia kiasi kinachomfikia mtu, na kwa siku ngapi. Masalia ni kile kinachobaki baada ya jicho na pua kusema hakuna kitu. Viumbe wasiokusudiwa ni wale tusio na ugomvi nao, kama nyuki na samaki.

Orodha hiyo ilipata mtihani wake tarehe 11 Juni 1974, katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Kaliua. Wanakijiji walikuwa wamejaza asali madebe thelathini na nane, mavuno yao ya kwanza ya pamoja, yapelekwe kwa treni hadi shule moja ya bweni. Ndugu Abbasi, aliyefika huko kikazi, aligundua kuwa baadhi ya madebe yalikuwa ya dawa ya tumbaku. Yalikuwa yamesuguliwa kwa majivu na mchanga, yakaanikwa siku tatu, nayo hayakuwa na harufu yoyote. Kwao, harufu ikiisha sumu imeisha.

Akaomba asali yote izuiwe. Mkutano ulichafuka. Mwenyekiti, Ndugu Yoramu, alimwambia anunuse mwenyewe. Bibi Bertila, kiongozi wa warina asali, alichovya kidole katika debe la karibu, akalamba mbele ya watu wote.

“Haya, mtoto wa fundi bati! Nimekufa?”

“Hujafa, dada,” alijibu Ndugu Abbasi. “Lakini huo ni ulimi mmoja, siku moja. Mtoto wa bweni ataila kila asubuhi mpaka likizo. Mwili wake ni mdogo, na kidogo juu ya kidogo hurundikana.”

“Na kama hamna kitu?”

“Basi nitakuwa nimewaharibia mavuno, na mtanidai mimi, si serikali.”

Hayo hayakuwa maneno ya mkutanoni tu. Mkubwa mmoja alimwonya kwa barua kwamba maabara isipokuta kitu, atatafuta kazi nyingine. Ndugu Abbasi alitia sahihi amri ya kuzuia kwa jina lake, akachukua sampuli kutoka kila debe, akazipeleka mwenyewe Dar es Salaam. Alisubiri majibu wiki sita. Alikonda, na sisi wenzake tuliona.

Majibu yalifika tarehe 25 Julai: madebe thelathini na moja yalikuwa safi, saba yalikuwa na masalia kupita kiwango kinachovumilika. Alirudi kijijini akasoma karatasi yote, pamoja na sehemu isiyompendeza: kwamba mengi aliyoyazuia hayakuwa na kosa, na kwamba angeweza kuyatenga mapema kama angeuliza lipi lilikuwa la mafuta ya kupikia na lipi la dawa. Aliomba radhi kwa hilo. Bibi Bertila aliuliza debe alilolilamba lilikuwa lipi. Lilikuwa mojawapo ya yale saba. Bibi Bertila akawaambia vijana walete majembe, wachimbe shimo la kuyafukia.

Asali safi iliondoka na treni ya Jumamosi. Tangu mwaka uliofuata, maneno yale arobaini na mawili yanafundishwa katika vijiji vyote tunavyovihudumia, kuanzia Tura hadi Kaliua, na kila debe tupu la dawa hutobolewa kabla ya kutoka ghalani.

Watoto wa shule ile hawakumjua Ndugu Abbasi, wala hawatamjua. Hakuna aliyeugua, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini. Kazi yake ikifanyika vizuri haiachi kitu cha kuonyesha, nasi tulioiona kwa karibu tunajivunia kuiandika hapa.

Ndugu Abbasi, tunakushukuru kwa magonjwa yote ambayo hayakutokea. Mungu akupe umri mrefu, afya njema na usingizi wa mtu aliyetia sahihi yake pale ilipotakiwa.