Lazok, Kijiji Kilichozikwa kwa Mashine

Ndugu wafiwa, majirani wa zamani, nanyi watoto wa mjini mliokuja kwa kuwa bibi zenu wamewaburuta, mimi ni Nadzeya Kavaliova, niliyekuwa karani wa kijiji, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu mafaili yalibaki kwangu.

Marehemu Lazok alizaliwa mwaka 1784 kando ya vinamasi vya mto Prypiats, akiwa na nyumba saba na kisima kimoja. Shule aliipata tarehe 1 Septemba 1926, ikachomwa vitani Mei 1943, akaijenga upya kwa miti ya msituni, akaendelea na kazi yake ya kulima kitani na viazi. Mwaka 1951 aliozwa kwa amri ya wakubwa, akaunganishwa na kijiji cha Rudnia katika shamba moja la ushirika, ndoa isiyokuwa na mapenzi, maana watu wa Rudnia, mnisamehe mliopo, hata kabichi hawajui kuichachusha. Alijaliwa watoto mia tatu na kumi na wawili.

Ugonjwa ulimpata tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha nyuklia kilipolipuka, nasi tukiwa shambani tunapanda viazi, na hakuna aliyesikia maumivu yoyote. Jumapili tarehe 4 Mei mabasi yalikuja, tukaambiwa ni siku tatu tu. Kwetu anayehama husimama mbele ya jiko akiwa na kiatu kikuukuu mkononi, akamwalika mzee wa nyumba, yule asiyeonekana anayelinda moto na ng'ombe, aingie kiatuni wahame pamoja, lakini kwa safari ya siku tatu nani amsumbue mzee? "Mwache atulindie viazi," mama yangu Volha alisema, "Jumatano tumerudi." Hakuna nyumba hata moja iliyomwalika mzee wake.

Marehemu alifariki Septemba 1992, mashine zilipochimba mashimo na kusukumia ndani nyumba tisini na nne zilizoingiwa na sumu ya kinu, kazi ya siku kumi na moja. Mama aliniomba kibali: "Nadzia mwanangu, nipatie dakika tano tu, nina kiatu cha baba yako." Nikamjibu, "Mama, usiniaibishe mbele ya wakubwa." Nilitakiwa kuthibitisha kila nyumba kuwa ni tupu, na ilipofika zamu ya nyumba yetu, namba 41, niliandika kwamba hamna mtu, nikatia sahihi. Sikuhisi chochote, na hata leo ninaposoma sihisi kitu. Mama hakunilaumu, aliishi mjini Homel kwenye ghorofa ya tano, kila Jumamosi akiweka kisahani cha maziwa nyuma ya jiko la gesi, maziwa yakiganda bila kuguswa, hadi alipofariki tarehe 3 Februari 2004.

Tunawashukuru madaktari waliotupima damu miaka yote hiyo, majirani wa ghorofani waliotuvumilia, na madereva wa zile mashine, ambao walivua kofia kabla ya kuanza.

Lazok, pumzika kwa amani, nawe mzee wa nyumba namba 41, mimi ndiye niliyeandika kwamba hamna mtu, na nilijua umo.