Dorsey Lavell Quarles, Aliyecheza na Pamba Masikioni

Marehemu Dorsey Lavell Quarles alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953, katika mji wa Tillery, jimbo la Mississippi. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Otha Quarles, mpasuaji mbao, na marehemu Maebell Quarles, ambaye wengi mlioketi humu aliwafundisha shule ya Jumapili. Mtoto wa kwanza ni Ozella, ndiye aliyeandika wasifu huu, na kama yupo atakayeuona mkali kidogo, amtafute mwenyewe baada ya chakula. Kanisani mama yao alimkalisha Dorsey mwisho wa benchi na kumpa Ozella kazi moja tu, kushika ncha ya shati lake. Dada mtu alishika kwelikweli. Shati likabaki mkononi bila kifungo hata kimoja, na Dorsey akakutwa nje kifua wazi, akilizunguka gari la mchungaji.

Alisoma Shule ya Msingi ya Tillery, kisha sekondari ya kaunti, akahitimu Mei 1971. Katika mji huu kijana wa kiume hucheza futiboli, ile ya kofia na kugongana, au hueleza kwa nini hachezi. Dorsey alicheza mechi tatu. Aliwekwa mstari wa mbele wa ulinzi, mahali ambapo mtu huinama pua kwa pua na mpinzani wake na haruhusiwi kusogea mpaka mpira uinuliwe kutoka chini. Mrushaji wa upande wa pili hupaza sauti akihesabu, na huikata na kuipandisha makusudi ili mlinzi aruke kabla ya wakati. Akiruka, wapinzani wanapewa yadi tano za bure. Dorsey aliruka kila alipoitwa na mara nyingine asipoitwa.

"Quarles! Nani kakuita?" kocha alimfokea.

"Nimesikia kelele, Kocha."

"Kelele ni za mama yako akikuita kula! Huku unangoja mpira!"

Mechi ya nne alivuliwa kofia ya chuma, akapewa ngoma kubwa ya bendi ya shule. Kocha alisema kwamba akiwahi kupiga ngoma angalau hakuna anayepoteza yadi. Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini nyumbani alikaa siku nzima nyuma ya banda la kuku. Hakuna chuo kilichomtazama. Aliingia kazini kwenye mashine ya kupasulia mbao pamoja na baba yake, na huko, kati ya magogo na kunde za mama yao, mwili wake ukaanza kukua wakati wenzake wameshamaliza. Alipofika miaka ishirini na miwili alikuwa na uzito wa pauni mia mbili sitini, na milango ya nyumba ilikuwa inamsumbua.

Septemba 1975 aliajiriwa kuwa dereva wa basi katika shule ya viziwi iliyokuwa kaunti ya jirani. Timu ya shule ile ilianza mchezo kwa ngoma kubwa iliyopigwa kando ya uwanja, nao waliupokea mtetemo wake kifuani na miguuni. Waliposikia kwamba dereva mpya amewahi kupiga ngoma ya bendi, kazi ikawa yake. Akapiga. Na huku akipiga, aliona jambo lililomnyima usingizi: vijana wa ulinzi, ambao hawakuwa na sauti yoyote ya kuwadanganya, hawakuruka mapema hata siku moja.

Alimfuata mwalimu wao, marehemu Vester Lyle, naye kiziwi tangu utotoni, mtu mfupi mwenye dharau tamu. Kwa ishara alizokuwa ameanza kujifunza akamuuliza siri yao ni nini. Bwana Lyle alimtazama toka juu mpaka chini, na safari hiyo ilichukua muda.

"Wewe unasikiliza," alimjibu kwa mikono. "Mpira unasema nini?"

"Hausemi kitu."

"Basi unamsikiliza nani?"

Alimwinamisha kwenye nyasi mbele ya vijana wa miaka kumi na sita, akamziba masikio kwa pamba iliyoloweshwa, akamwamuru atazame mpira tu. Siku ya kwanza wale vijana walimbwaga mpaka wakamwonea huruma. Aliendelea kwa miaka miwili, kila jioni baada ya kurudisha basi, na mwalimu wake alimpiga kofi la kisogo kila alipoyaondoa macho. Bwana Lyle aliwahi kumwambia Ozella, kwa maandishi kwenye karatasi ya kufungia mkate, kwamba hajapata kumfundisha kiziwi mgumu kama huyu.

Tarehe 18 Juni 1977, Jumamosi, Dorsey alifunga ndoa na Corlette Swain, aliyesimamia jiko la shule ile, katika kanisa hili hili. Corlette alimpendea vichekesho vyake na jinsi alivyokula kambare wa kukaanga akiwa amesimama. Alidhani kusimama kutaisha. Wakati huo Dorsey alikuwa ameanza kucheza Jumamosi na timu ya ridhaa ya Jackson, na watu wa timu kubwa, zile za kulipwa, walianza kuja kumwona yule dereva wa basi asiyedanganyika. Aliporudi nyumbani na habari kwamba ameitwa majaribio, mkewe alikuwa akikunja nguo.

"Una miaka ishirini na mitano, Dorsey. Watoto wa chuo wana ishirini na mmoja."

"Wao wamechoka. Mimi ndo naanza."

"Nakupa Agosti nne," Corlette alisema. "Siyo tano. Wakikukataa mara nne unarudi hapa, unatua mzigo, tunaishi kama watu."

"Na wakinichukua?"

Corlette aliendelea kukunja nguo, maana hilo hakulifikiria kwa uzito.

Timu kubwa huita watu wengi mwanzo wa kiangazi na kuwapunguza Agosti. Anayepunguzwa hugongewa mlango asubuhi na mtu aliyetumwa, akiambiwa maneno yale yale: kocha anakuita, njoo na kitabu chako cha mbinu. Agosti 1978 Dorsey aligongewa Detroit. Agosti 1979, Tampa, aliamua kwamba asiyekuwa chumbani hagongewi, akaamka mapema na kujichimbia kwenye chumba cha kufulia. Yule aliyetumwa alimkuta katikati ya mvuke akikunja taulo za timu nzima.

"Quarles, unajificha?"

"Nijifiche wapi na mwili huu? Nasaidia kazi."

"Kocha anakuita, kaka. Njoo na kitabu chako."

"Ngoja nimalize hizi."

Alizimaliza, akaenda. Agosti 1980 aligongewa tena, Buffalo, akarudi nyumbani. Binti yao Renata alikuwa ameshazaliwa, tarehe 2 Mei mwaka huo. Ilibaki Agosti moja. Corlette alianza kuzungumza na idara ya maji ya mji ili Dorsey apate kazi ya kudumu, yenye saa za kwenda na saa za kurudi, na alipaka rangi chumba cha nyuma kiwe cha kupumzikia mume. Hakumficha. Alimwonyesha rangi.

Agosti 1981 ilimkuta Cleveland, mbele ya kocha aliyeitwa Burl Stampley.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Ishirini na minane, Kocha."

"Watu wa umri wako huniuzia bima."

Katika mechi ya mwisho ya majaribio walikutana na mrushaji mkongwe aliyesifika kwa koo lake. Wapinzani walikuwa wamebakiza nusu yadi tu kuendelea na mashambulizi, na hawakuwa na nia ya kucheza. Walipanga wainame tu, wapige kelele, walinzi waruke na wawape yadi za bure. Yule mzee alihesabu, akanyamaza, akanguruma, akahesabu tena. Wenzake Dorsey watatu waliinama wakijizuia. Yeye, aliyeshindwa kumaliza sala moja ya baba yake bila kutoka nje, aliukodolea mpira kama kuku aliyeona sisimizi. Mlinzi wa upande wake wa kulia alijikaza akataka kuruka, na Dorsey akamshika ncha ya jezi bila kuondoa macho.

"We babu!" mrushaji alimtupia. "Umefia hapo hapo?"

Hakusikia kitu, pamba zilikuwa mahali pake. Muda wa kuuanzisha mchezo ukawaishia wapinzani, wao ndio wakarudishwa nyuma, na mpira uliofuata ulipoinuka Dorsey alimpita mtu wake na kumlaza yule mkongwe kwenye nyasi. Siku mbili baadaye milango iligongwa upande huu na upande ule wa chumba chake. Wa kwake haukugongwa.

Alipiga simu Tillery huku akilia. Corlette alisema, "Hongera, mume wangu." Alisema tena, "Umestahili." Baada ya kuweka simu alikaa kwenye kile chumba chenye rangi mpya, na yeye akalia. Ozella alikuwepo, na anaandika hapa kwamba hayakuwa machozi ya furaha peke yake.

Marehemu alichezea Cleveland misimu tisa, mpaka alipofika miaka thelathini na sita, umri ambao wenzake wengi wa mstari wa mbele walikuwa wameshaacha. Alianza mechi karibu zote kuanzia 1983. Mwaka 1986 wachezaji wenzake walimchagua nahodha wa ulinzi, naye kwa kuwa hasikii uwanjani aliongoza kwa mikono, na walinzi wote wakajikuta wanajua ishara za viziwi bila kufundishwa rasmi. Kila Desemba alipeleka kikundi cha wanafunzi wa ile shule kuangalia mechi, akawakalisha mbele kabisa pamoja na Bwana Lyle. Haya yote familia inajivunia na itaendelea kujivunia.

Lakini mambo mengine lazima yasemwe, kwa sababu nyote mnayajua. Mchezo ulipokwisha, magoti yakiwa yameharibika, Dorsey hakurudi. Alirudi na kuondoka. Alizunguka vyuo vidogo akitafuta wachezaji, vijana waliochelewa kama yeye, na alipoacha hiyo alinunua lori na kubeba mizigo mpaka Oregon. Mwaka 1998 Renata alipohitimu sekondari, baba yake alifika viti vimeshakunjwa. Hilo liliuma, na bado linauma. Otha, mtoto wao wa pili, aliyezaliwa 1984, alijifunza kuendesha gari kwa Ozella. Dorsey alipokuwa nyumbani, nyumba nzima ilihema pamoja naye. Alitembea koridoni akila, alitembea akiongea, alifungua jokofu bila kutaka kitu akalifunga.

"Dorsey, hii nyumba ina viti," Corlette alimwambia.

"Nimeviona, mama."

"Basi chagua kimoja."

"Nachagua. Niko kwenye kuchagua."

Na Jumanne unasikia lori linawaka.

Novemba 2017 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari wa Jackson waligundua kwamba moyo umechoka na hautarudi hali yake, wakamkataza kuendesha gari. Tarehe 6 Februari 2018 Otha alimrudisha nyumbani, akiwa amebeba mashine ya oksijeni yenye mrija mrefu unaoingia puani. Mrija ule ulitoka chumba cha nyuma, ukapita jikoni, ukaishia ngazi ya barazani. Haukufika getini. Dorsey aliupima siku ya kwanza kwa kutembea mpaka ukamvuta pua, akasimama pale akitazama barabara.

Alikaa nyumbani miezi minane. Hakuwa amewahi kukaa hivyo tangu harusi. Alitembea kadiri mrija ulivyomruhusu, akachakaza zulia, akamsumbua Corlette jikoni kuhusu chumvi, akamwimbia vibaya. Alimwomba Renata msamaha kuhusu ile siku ya viti, na Renata alichukua wiki mbili kumjibu, kisha akaja na pai ya viazi vitamu wakaila yote. Agosti ilipita, na jirani aliyeuliza Corlette anaendeleaje na mzigo wa kuuguza aliambiwa, "Mzigo gani? Nina mume ndani."

Wiki yake ya mwisho Corlette aliketi kando yake akamwambia jambo lililokuwa likimkaa rohoni. Ameomba mwenyewe lisomwe leo. Alimwambia kwamba Februari, mtu aliyeleta mashine ya oksijeni alimweleza ipo mirija mirefu zaidi, ya kufika mpaka getini na kupita, na kwamba yeye hakuinunua, na hakumwambia.

Dorsey alicheka mpaka wakalazimika kumwinua. Alipopata pumzi alimshika mkono.

"Nilijua siku ile ile, Corlette. Imeandikwa kwenye boksi."

"Mbona hukuniambia ninunue?"

"Ungenunua," alisema.

Dorsey Lavell Quarles alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 11 Oktoba 2018, saa tisa alasiri, akiwa ameketi. Ameacha mjane wake Corlette, binti yake Renata na mumewe, mwanawe Otha na mkewe, wajukuu wanne, dada yake Ozella, wachezaji wenzake wa Cleveland waliosafiri kuja, na wanafunzi wa zamani wa shule ya viziwi, ambao wamejaza upande wote wa kushoto wa kanisa hili. Mwenyezi Mungu amjalie pumziko. Na kama hatalitaka, kwa kuwa tunamfahamu, basi ampe kazi yoyote karibu na mlango, ili tutakapofika tumkute.